Pampu Inayovuja Mgongoni

Somo kwa vikundi vinavyotumia pampu moja ya dawa

Somo la mara hii ni la mikono. Tafadhali msilisome mkiwa mmekaa kwenye viti vya kanisa peke yake. Leteni pampu ya kikundi, ile ya kubeba mgongoni, muiweke katikati, mlete na karai, ndoo mbili za maji safi, kipande cha makaa au chaki, sabuni, na koleo ikiwa mnayo. Mmoja asome kwa sauti, wengine washike na kuangalia.

Vikundi vingi vina pampu moja ya lita 15 au 20 ambayo hutembea kutoka boma hadi boma. Leo iko kwenye kahawa ya mzee, kesho kwenye nyanya za kina mama, Jumamosi inanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Kitu cha watu wengi hakina mwenyewe wa kukilinda, na pampu ndiyo huonyesha jambo hili haraka sana. Huyu anaona inadondosha kidogo, anafunga kitambaa, anamaliza kazi yake, anapeleka kwa jirani bila kusema neno. Jirani naye anaongeza mfuko wa plastiki juu ya kitambaa. Baada ya msimu mmoja pampu imevaa matambara kama mgonjwa wa hospitali, na bado inavuja.

Wengine husema, "Si ni matone tu?" Haya, tuhesabu matone. Kwa kawaida matone 20 hivi hufanya mililita moja. Pampu ikidondosha tone moja kila sekunde, hiyo ni matone 60 kwa dakika, yaani mililita 3. Kwa saa moja ni mililita 180. Mtu akifanya kazi asubuhi yote, saa nne kamili, zimetoka mililita 720, zaidi ya chupa mbili za soda zile za mililita 300. Na hizo chupa mbili hazikwenda kwenye kahawa. Zilikwenda kwenye shati, kiunoni, kisha zikateremka ndani ya suruali.

Hapa lazima tuseme wazi ingawa tuko kwenye gazeti la kanisa. Ngozi ya mwili si sawa kila mahali. Watafiti wa Marekani walipima jambo hili kwa dawa ya wadudu iitwayo parathioni, wakachapisha matokeo mwaka 1971. Kwenye ngozi ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja, iliingia sehemu kama 9 kati ya 100. Kwenye ngozi ya sehemu za siri za mwanamume iliingia karibu yote. Sasa fikirini maji ya dawa yanayoteremka kutoka mgongoni huenda kukaa wapi. Watu wengi huogopa kunusa dawa, na ni vizuri, lakini kwa mtu anayebeba pampu mgongoni sumu nyingi hupita kwenye ngozi. Haina uchungu wala haichomi wakati inapita. Ndiyo maana mtu husema, "Mimi nimezoea," kumbe mwili haujazoea kitu.

Basi tuanze kazi.

Kabla ya kufungua chochote, pampu ioshwe. Usitengeneze pampu yenye dawa ndani. Mwaga dawa iliyobaki kwenye mimea ileile uliyokuwa unanyunyizia, tia maji safi kama lita mbili, tikisa, pampu kidogo ili maji yapite kwenye mpira na kwenye fimbo, nyunyizia tena shambani. Rudia mpaka mara tatu. Maji hayo yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima, na mahali pa kunyweshea mifugo pia hapana. Anayeosha avae glavu za mpira. Kama hana, hata mifuko ya plastiki isiyo na tundu ni afadhali kuliko mikono mitupu. Na nguo zake zifuliwe peke yake.

Sasa jaza maji safi nusu ya tangi, funga, weka pampu chini mahali pakavu, futa nje yote kwa kitambaa mpaka ikauke. Hili la kukausha watu hulidharau, lakini ukiacha nje ikiwa na maji hutajua tone limetoka wapi. Maji hupenda kudanganya: huvuja juu, yakafuata mpira, yakadondoka chini, nawe unalaumu chini. Pampu mara kumi hivi bila kufungua kifyatuo, kisha ngoja. Kila mahali patakapolowa, weka alama kwa makaa. Halafu laza pampu ubavu, uangalie kifuniko. Mwisho fungua kifyatuo, nyunyizia, achilia, uone kama ncha inaendelea kudondosha.

Tuanzie juu, kwenye kifuniko. Ndani yake mna washa kubwa ya duara. Ikiwa imekatika, imekauka au haipo, dawa itaruka nje kila unapoinama. Pia kifuniko kina tundu dogo la hewa lenye kiulimi cha mpira. Kazi yake ni hii: dawa ikitoka, hewa iingie mahali pake. Kiulimi huruhusu hewa kuingia lakini hakiruhusu dawa kutoka. Tundu likiziba, tangi linanyonywa ndani mpaka linabonyea, na pampu inakuwa nzito bila kutoa kitu. Hapo ndipo mtu huchukua msumari na kupanua tundu, na kile kiulimi kinaanguka. Pampu inafanya kazi, ndiyo, lakini tangu siku hiyo shingo ya kila anayeibeba inaoga dawa. Kama tundu limeziba, toa kiulimi taratibu, osha kwa maji ya sabuni, rudisha.

Kutoka hapo tuje kwenye viungo, mahali ambapo mpira unaunganishwa na tangi na mahali unapounganishwa na mkono wa kifyatuo. Uvujaji mwingi uko hapa, na hapa ndipo watu huharibu kwa kutengeneza. Chukueni nati moja ya plastiki, mfungue, mwangalie ndani. Mtaona washa ya mpira, bapa au ya mviringo kama pete. Hiyo washa ndiyo inayozuia maji. Meno ya nati hayazuii. Kazi yake ni kubana washa tu. Kwa hiyo ukizungushia meno hayo ile tepu nyeupe ya mafundi wa bomba, hata ukizungusha mara ishirini, na washa imekufa, bado itavuja. Tena tepu nyingi huifanya nati isifike mwisho, na washa isibanwe. Tepu ni ya viungo vya chuma visivyo na washa, na hapo huzungushwa kufuata upande wa kukaza, siyo kinyume, la sivyo itajikunja na kutoka ukianza kufunga.

Na nati ya plastiki hukazwa kwa mkono. Ikishafika mwisho wa mkono, ongeza robo ya mzunguko, basi. Koleo na spana zimepasua nati nyingi kuliko uzee ulivyofanya. Ikiwa umekaza kwa mkono na bado inavuja, usiongeze nguvu. Fungua, uangalie kama washa ina mchanga, imekunjwa, au imekuwa ngumu. Wakati mwingine ni chembe moja ya mchanga tu.

Watu huuliza, je, tunaweza kukata washa kutoka kwa tyubu ya baiskeli? Ndiyo, lakini mjue mnachofanya. Dawa nyingi za maji, zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukichanganya, zina mafuta ya kuyeyushia ndani yake. Mafuta hayo huingia kwenye mpira wa tyubu, ukavimba na kulainika. Ndiyo sababu washa ya tyubu huziba vizuri Jumatatu na kufikia wiki ya tatu imekuwa kama ugali. Washa za kiwandani hutengenezwa kwa mpira wa namna nyingine unaostahimili mafuta. Kwa hiyo washa ya tyubu ni ya kumalizia kazi ya siku hiyo, si ya kukaa. Iandikeni kwenye kitabu cha pampu: "washa ya tyubu imewekwa," na tarehe, ili mweka hazina ajue kuna kitu cha kununua. Kwa sababu hiyohiyo, usipake washa za mpira grisi ya gari wala mafuta ya taa. Ukitaka iteleze wakati wa kuingiza, maji ya sabuni yanatosha.

Pistoni ya ngozi ni jambo lingine. Pampu za zamani za shaba, ambazo bado ziko kwenye stoo nyingi za kahawa, zina kikombe cha ngozi ndani ya silinda. Ngozi ikikauka hujikunja, pampu ikawa nyepesi mkononi na haina nguvu. Ilowesheni kwenye mafuta usiku mzima, ikilainika muirudishe huku mdomo wa kikombe ukielekea upande ilikokuwa. Ikiwa imechanika, fundi wa viatu anaweza kukata nyingine kwa kufuata ile ya zamani.

Ikiwa mpira wenyewe umekuwa mgumu mwisho wake na umepasuka, msiufunge. Kateni sehemu mbovu, kama upana wa vidole viwili, chovyeni mwisho mpya kwenye maji ya moto ulainike, sukumeni mpaka mwisho, kisha klipu. Waya wa kufungia hufaa kwa siku mbili tatu lakini huukata mpira kama kisu. Mpira uliopasuka katikati ununuliwe mwingine.

Kifyatuo nacho kina makosa ya namna mbili, na ni vizuri kuyatofautisha. Ukiachilia na ncha inaendelea kudondosha, basi valvu ndani haikai vizuri: kuna uchafu, au pete ya mpira imelika, au springi imechoka. Lakini dawa ikitoka pembeni, mahali kidole kinaposhika, hapo ni pete ya mpira inayozunguka kijiti cha kifyatuo. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa mtu, maana inatia dawa kiganjani siku nzima. Unapofungua, fungulia juu ya karai. Springi hizi hupenda kuruka, na zikishaingia kwenye nyasi mmezikosa.

Ncha ikiziba, usiiweke mdomoni kupuliza. Tumesema jambo hili miaka mingi na bado tunaliona. Usitumie waya pia, kwa kuwa tundu la ncha limepimwa, na mkwaruzo mdogo huligeuza. Tumia maji na brashi laini ya meno ya zamani, au unyasi. Dawa za unga, kama zile za shaba ya kahawa, hulikwangua tundu pole pole hata bila waya. Njia ya kujua ni kupima: nyunyizia kwenye chupa kwa dakika moja ncha ikiwa mpya, andikeni kipimo. Ikifika kutoa zaidi kwa sehemu moja ya kumi, nunueni nyingine, maana kuanzia hapo mnamwaga pesa. Mwenye Ruiru 11, ile kahawa iliyotolewa mwaka 1985, au Batian ya mwaka 2010, hahitaji kupigia dawa ugonjwa wa matunda ya kahawa kama majirani, kwa hiyo ncha yake itadumu zaidi. Hilo ni la somo lingine.

Kuna pampu isiyovuja nje lakini haina nguvu. Pengine inavuja ndani kwa ndani. Ndani mna valvu mbili: moja huingiza dawa kutoka tangini, nyingine huipeleka kwenye chemba ya presha. Ukipampu na mpini ukainuka wenyewe bila kuguswa, valvu ya chemba haifungi, na presha inarudi kuisukuma pistoni. Ukipampu, mpini ukawa mwepesi na presha haipandi kabisa, angalia valvu ya kuingiza au washa ya pistoni. Mara nyingi ni takataka tu, na takataka hizo ziliingia kwa sababu kuna mtu aliondoa chujio mdomoni mwa tangi ili ajaze haraka. Chujio lirudi. Maji ya mtoni yapitishwe kwenye kitambaa kwanza.

Hayo yote ni ya pampu ya mpini, ambayo tangi lake halina presha. Presha iko ndani ya chemba ndogo peke yake. Iko pampu nyingine, ya kubeba begani, unayoipampu kwanza kisha unanyunyizia. Hiyo tangi lote lina presha, na ni lazima kuiheshimu. Usijaze zaidi ya robo tatu, maana hewa inahitaji nafasi. Kuvuja kwake huweza kuwa ni hewa tupu, isiyoonekana. Paka povu la sabuni kwenye kifuniko na viungo vyote, na mahali pa kuvuja patatoa mapovu. Kabla ya kufungua kifuniko, toa presha yote. Kama haina valvu ya kutolea, igeuze kichwa chini ufyatue mpaka hewa iishe. Kifuniko kinachofunguliwa na presha ndani huruka usoni pamoja na dawa. Na msiipeleke kwenye karakana ya gari ijazwe kwa mashine ya magurudumu. Usiiache juani ikiwa imejaa presha pia.

Tangi lenyewe likipasuka? Hapa nitawaudhi mafundi. Plastiki ya matangi haya haishiki gundi. Hata ile gundi ya matone inayoshika vidole vyako itabanduka. Wengine huyeyusha plastiki kwa kisu cha moto na kuziba ufa. Kwa ndoo ya maji ni sawa. Kwa tangi la dawa, plastiki imekunywa sumu miaka mingi, na ukiichoma unavuta moshi wake. Tena ufa ulioyeyushwa hufunguka siku tangi limejaa lita 20 na liko mgongoni mwa mtu. Tangi la presha ndiyo kabisa, lisizibwe kwa njia yoyote. Toeni mpira, fimbo, ncha na washa nzuri muziweke kama spea, kisha toboeni tangi mara kadhaa ili mtu asije akalifanya mtungi wa maji au wa maziwa. Yako maboma ambamo mtoto amenyweshwa kutoka kwa chombo cha namna hiyo, na mama hakujua.

Kuhusu spea. Siku hizi pampu ni za aina nyingi, zinafanana kwa sura lakini washa zake hazilingani. Mtu anayetumwa kwa agroveti apewe washa ya zamani mkononi kama mfano, hata ikiwa imekatika. Na kabla ya kununua pampu mpya, swali la kwanza kwa mwenye duka lisiwe bei. Liwe hili: "Spea za hii unauza?" Kama hana, hiyo pampu rahisi ni ya msimu mmoja. Vikundi vinavyofanya vizuri huwa na kopo moja lenye washa za kila mahali, pete za kifyatuo, klipu mbili na ncha moja, na kila mwanachama anayeazima pampu huchangia shilingi chache za kopo hilo. Mtu mmoja, mwanamke au mwanamume, achaguliwe kuwa mlinzi wa pampu. Kazi yake ni kuipima kwa maji safi kila inaporudi, mbele ya aliyeirudisha. Hapo hakuna kusingiziana.

Ikiwa pampu imekuvujia kazini, usingoje jioni. Tua, vua nguo iliyolowa, jioshe kwa maji mengi na sabuni. Ukiona kichwa kinauma, jasho jingi, mate yanajaa, macho yanaona ukungu, tumbo linasokota au misuli inatetemeka, nenda kwenye zahanati mara moja na uende na lebo ya dawa, kwa sababu daktari hutibu kulingana na kilichoandikwa hapo. Mkanda wa rangi chini ya lebo unakuonyesha ukali: nyekundu ndiyo hatari zaidi, kisha manjano, kisha buluu, na kijani mwisho. Hata kijani si maji ya kunywa. Na yale maziwa ambayo wengi wetu hunywa baada ya kupiga dawa, hayana uwezo wa kuondoa sumu iliyopita kwenye ngozi. Yanywe kwa chai.

Maswali ya kikundi, baada ya kupima pampu:

Tumeweka alama ngapi za makaa, na ni zipi tunaweza kutengeneza leo kabla ya kuondoka?

Nani aliitumia mara ya mwisho, na je, alijua inavuja? Kama alijua na hakusema, aliogopa nini? (Msiulize kwa kumshtaki. Mara nyingi mtu huogopa kulipishwa.)

Pampu ileile tunaitumia kwa dawa ya kuua magugu? Ikiwa ndiyo, nyanya za nani zilijikunja majani msimu uliopita, na tunaweza kupata lini pampu ya pili ya magugu peke yake?

Nani atalinda pampu mpaka mkutano ujao, na kopo la spea litakaa kwa nani?